Panya wa kwenye jiwe: kisa cha stoo moja Mwanza na bunduki ya upepo iliyozidi nguvu

Kwanini nimekiandika

Kazi yangu ni kupambana na panya na wadudu, kwenye mastoo, majumba na mabanda ya kuku, hapa Mwanza na wilaya za jirani. Watu wanaonipigia simu kuulizia bunduki ya upepo ni wengi kuliko unavyofikiria, na swali lao la kwanza siku zote ni lilelile: ipi ina nguvu zaidi? Hiki kisa kinahusu hilo swali na lilitufikisha wapi. Nimeandika kwa ruhusa ya mwenye stoo, majina nimetoa, mtaa nimetoa, na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Pale nilipokosea mimi nimepaacha kama palivyo maana ndo penye faida kwa anayesoma.

Stoo yenyewe

Iko upande wa Ilemela, kilimani, na anayeijua Mwanza anajua ukisema kilimani unasema mawe. Mawe makubwa kuliko nyumba, yamebebana, katikati yana nyufa ambazo mkono unaingia mpaka bega na bado hujagusa mwisho. Aliyejenga hii stoo zamani aliona jiwe moja limesimama wima akahesabu ni ukuta wa bure, akajenga tofali pande tatu, upande wa nne akaacha jiwe, juu akapiga bati, na kati ya ukuta na bati akaacha uwazi wa kupitisha hewa. Pembeni kuna banda la kuku wa mayai kama mia sita. Upande wa pili wa uzio ni nyumba ya jirani, mama mtu mzima anayeishi na wajukuu.

Ndani kulikuwa na mpunga unaosubiri bei ipande, mahindi, mashudu ya pamba na dagaa kavu wa kuchanganyia chakula cha kuku. Yaani ukimpa panya kalamu achore nyumba anayoitaka, angechora hii.

Panya walikuwa wa aina mbili, na tofauti yao ina maana huko mbele. Kulikuwa na panya weusi wa darini, hawa wepesi wanaopanda ukuta na kutembea juu ya kenchi usiku kucha, uzito wao gramu 150 mpaka 250 hivi. Halafu chini ya jiwe kulikuwa na panya buku, ambaye anaweza kupita kilo moja, ndo yuleyule ambao wenzake kule Morogoro wanafundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi ya TB. Buku hana fujo nyingi, anakuja anabeba mashavu yake yamejaa mahindi anaondoka. Anayemaliza mali ni yule mweusi, kwa sababu anakula kidogo na kuharibu kingi: anatoboa salfeti, nafaka inamwagika, anakojoa juu yake.

Mzee mwenye stoo, mstaafu, mtu mtulivu sana, alikuwa ameshajaribu vyote. Gundi, ikajaa vumbi la pumba ikaisha kunata. Mitego ya kubana, panya wakaizoea. Paka wawili, mmoja akapotea. Halafu akanunua sumu ya unga ule wa kijivu cheusi unaopimwa kwa kijiko, hapo ndo mambo yakaharibika: mbwa wa jirani alikula panya aliyekufa na sumu tumboni, mbwa akafa, na panya mwingine alikwenda kufia katikati ya mpunga, mnunuzi akaja na gari akafungua salfeti ya pili akanusa, akapanda gari lake akaondoka. Na mwaka 2022 kule Lindi ilitokea homa ya mgunda, ugonjwa unaobebwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kwa hiyo mzee akiingia stoo alikuwa anawaza na vijana wake wanaopakia magunia miguu peku.

Sumu hakutaka tena kuisikia. Nilimwelewa.

Alichokitaka

Siku nafika mara ya kwanza mpwa wake alikuwepo, kijana wa mjini, simu mkononi, anatuonyesha picha za bunduki. Mzee akaniambia, "Kijana wangu, mimi nataka ile yenye nguvu kuliko zote, nimalize hii kazi." Mpwa alikuwa ameshachagua: ya upepo wa kujazwa kwenye mtungi, kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) .25, yaani milimita 6.35, inayotoa jouli sitini na kitu, jouli ni kipimo cha nguvu ya risasi ikitoka. Hoja yake ilikuwa buku. Panya wa kilo moja, akasema, hauawi na kitoto cha bunduki.

Nieleze kidogo hapa kwa ambaye hajazishika. Bunduki za upepo ziko za aina mbili kubwa. Kuna ya springi, unavunja mtutu unaurudisha, springi inajikaza, ukivuta triga springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, risasi inatoka. Haihitaji kitu kingine, ila inaruka mkononi, na anayeishika vibaya hapigi penye shabaha. Ya pili ni ya mtungi, ina chupa ya chuma ya hewa iliyoshindiliwa mpaka bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), nyingine 300, kila ukivuta triga vali inaachia hewa kidogo. Hii haina kuruka, mtu anajifunza haraka, na nguvu yake inaweza kwenda mbali sana.

Nguvu inapimwa kwa uzito wa risasi na mwendo wake. Chukua nusu ya uzito kwa kilo, zidisha kwa mwendo mara mwendo. Kirisasi cha .22 chenye gramu 1.17 kikitoka kwa mita 270 kwa sekunde kinabeba kama jouli 43. Kilekile kikitoka kwa mita 165 kinabeba kama 16. Ile ya .25 ya mpwa, gramu 1.65 kwa mita 275, inafika 62. Mwendo ndo unaobeba mzigo mkubwa kwa sababu unazidishwa wenyewe kwa wenyewe, ukiupunguza kidogo tu nguvu inashuka sana. Kumbuka hilo.

Maamuzi kabla ya kununua

La kwanza lilikuwa kibali. Mzee ana shotigani ya shambani yenye leseni miaka mingi, kwa hiyo hakuhitaji kushawishiwa, alianza kwa mwenyekiti wa mtaa, akaenda polisi wilaya kabla hata ya kulipa senti, na huko akaambiwa wazi kwamba hiki kitu kinashughulikiwa kama silaha. Ilichukua miezi. Mpwa alikuwa anasema kuna mtu anaweza kuileta kimyakimya, mzee akamkatalia kwa sentensi moja: "Mimi siwezi kuficha kitu kwenye stoo yangu mwenyewe." Akanunua kwa muuzaji mwenye leseni, na karatasi zote ziko kwenye bahasha moja na za shotigani.

La pili lilikuwa tunapiga nini. Mpwa alishataja njiwa, tumbili na pimbi wa juu ya mawe. Nikasema hapana, hapa ni panya tu, wanyamapori wana sheria yao, ya 2009, na mzee sio mwindaji. Na kulikuwa na bundi. Huyu anaishi kwenye pango dogo juu ya lile jiwe, vijana wa kupakia walikuwa wanamwogopa, mnajua kwetu bundi akilia juu ya nyumba watu wanavyosema, wakataka awe wa kwanza kupigwa. Nikapanda nao mpaka chini ya pango, nikaokota yale madonge ya kijivu anayotapika, nikalivunja moja kwenye kiganja: fuvu mbili za panya, meno ya njano bado yako, na mifupa myembamba kama njiti. Nikavunja lingine, fuvu tatu. Kijana mmoja akasema, "Kumbe huyu ni mfanyakazi mwenzetu." Bundi akaachwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja kwa ubaya.

La tatu, aina na nguvu. Kwenye aina nilisema ya mtungi, kwa sababu mzee ana miaka sitini na kitu na bega lake moja lina shida, kuvunja springi mara arobaini usiku asingeweza. Kwenye kaliba nilimtoa mpwa kwenye .25 tukaenda .22, kwa hoja kwamba panya wengi ni wale wadogo. Ila kwenye nguvu nililegea. Bunduki waliyoipata ilikuwa na kirekebisho, unaweza kuishusha au kuipandisha, ikija imewekwa juu kabisa, zile jouli 43. Mpwa akasema iachwe hivyohivyo kwa ajili ya buku. Mzee akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia lile jiwe, unene wake, nikasema moyoni hii ndo kinga bora duniani, risasi gani itapita hapa? Nikasema sio mbaya.

Hilo ndo kosa langu, na nililifanya mchana kweupe.

Kilichotokea

Tatizo la kwanza halikuwa hata panya, lilikuwa hewa. Mpwa alienda kwa mafundi wa matairi akidhani watajaza, kompresa zao zinaishia bar nane kumi, mtungi unataka 200. Fundi mmoja akamwambia apeleke kwa wachomeleaji wajaze kwa mtungi wa gesi ya oksijeni. Alinipigia akiwa njiani. Nilimwambia asimame hapohapo. Oksijeni ya kushindiliwa ikikutana na grisi au mafuta ndani ya vali inawaka kwa mlipuko, na bunduki yenyewe mtu anaishika karibu na shavu. Hewa ya kawaida tu, basi. Ikabidi inunuliwe pampu ya mkono yenye geji, na kupampu kutoka bar 130 mpaka 200 ni jasho kweli, unapampu kidogo unapumzika pampu ipoe, na kwa unyevu wa huku ziwani inabidi kufungua kile kivali cha chini kila baada ya muda uone maji yanatoka kama machozi. Ukiacha yaingie kwenye mtungi yanaanza kula chuma kwa ndani.

Wakaifunga darubini, wakaizeroisha mita 15, yaani wakairekebisha ilenge palepale risasi inapofika, mpaka risasi tano zinaingia kwenye eneo la sarafu ya shilingi mia mbili. Usiku wa kwanza mzee aliua panya saba, alifurahi sana, alinitumia meseji saa sita usiku. Taa nyekundu iliyofungwa juu ya darubini ilisaidia, panya haoni vizuri mwanga mwekundu, anaendelea kula.

Usiku wa pili nilikuwepo. Bunduki alikuwa nayo mpwa. Saa nne hivi panya mmoja akatoka kwenye ufa akapanda ukingo wa jiwe, juu kidogo ya vichwa vyetu, akasimama. Mpwa akapiga, akamkosa kwa upana wa kidole. Nilisikia milio mitatu karibu kwa pamoja: puf ya bunduki, ta! ya jiwe, halafu mlio kama wa muwa ukivunjwa, mbali kidogo, nje. Halafu kimya. Halafu maji.

Risasi ilikuwa imepiga jiwe kwa mshazari, ikadunda, ikatoka kwenye ule uwazi wa hewa chini ya bati, ikavuka uzio, ikavunja bomba la plastiki linaloshuka kutoka kwenye tanki la jirani. Tulienda na tochi tukakuta maji yanaruka. Kutoka pale bomba lilipovunjika mpaka dirisha la chumba nilihesabu hatua nne. Nyavu tu, hakuna kioo.

Yule mama alitoka na khanga begani. Mzee alimweleza yote hapohapo, hakupunguza kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee mwenzangu, maji tutanunua, bomba litawekwa jingine. Ila dirisha lile wanalala wajukuu zangu." Hakusema zaidi, akarudi ndani. Na huyu ndo yuleyule aliyepoteza mbwa.

Asubuhi bomba likabadilishwa, mzee akapeleka taarifa mwenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, bunduki ikafungiwa kwenye kabati la chuma. Wiki tatu haikuguswa.

Tulivyobadilisha

Hizo wiki tatu ndo zilizookoa stoo, na hakuna risasi hata moja ilipigwa. Nilianza na majivu. Unapepeta majivu ya jikoni, unayatandaza laini kwenye vipande vya bati sehemu kumi, jioni, asubuhi unasoma nyayo. Nilichokisoma kilinisikitisha: baada ya usiku ule wa panya saba na mwingine wa kabla hatujasimama, nyayo zilikuwa nyingi vilevile. Panya mweusi anabeba mimba wiki tatu hivi, anazaa sita, saba, nane, na watoto wake wakifika miezi miwili mitatu nao wanaanza. Huwezi kushindana nao kwa triga kama mlango wa chakula uko wazi.

Tukafunga mlango. Mpunga ukapanda juu ya vichanja vya mbao, ukatoka ukutani kiasi mtu anapita na ufagio nyuma. Dagaa na mashudu vikaingia kwenye mapipa ya chuma yenye vifuniko. Nyufa za jiwe zilizo ndani ya stoo tukazijaza steeluulu ya kusugulia sufuria, tukaikandamiza, juu saruji, kwa sababu saruji peke yake ikiwa mbichi panya anaitafuna. Tundu lolote linaloingia kidole gumba likahesabiwa ni mlango. Uwazi wa hewa chini ya bati ukafungwa wavu wa chuma wa macho madogo, hewa inapita, panya hapiti, na nitasema ukweli, risasi pia ilikuwa kichwani kwangu wakati naunyoosha ule wavu, ingawa wavu sio kinga ya risasi na asitokee mtu akaufanya kinga.

Bunduki yenyewe tulimpelekea fundi mwenye kipima mwendo, akaishusha mpaka jouli 16. Ilibidi kuizeroisha upya maana risasi ya mwendo mdogo inaanguka zaidi. Mjazo mmoja wa hewa uliokuwa unatoa risasi kama ishirini ukawa unatoa zaidi ya arobaini, bega la mzee likashukuru.

Halafu tukabadilisha mwelekeo. Badala ya kumfuata panya aliko, tukamwita tunapotaka. Tulipanga viroba vya mchanga, viwili kwa unene, vitatu kwenda juu, kwenye kona ya tofali mbali na jiwe na mbali na upande wa jirani, mbele yake tukaweka kibati chenye dagaa waliosagwa na karanga. Mpigaji anakaa juu ya jukwaa la mbao, anapiga kwenda chini. Akikosa, risasi inazama mchangani. Akitoka panya mahali pengine popote, hata akisimama akicheza, hapigwi.

Mpigaji akawa mzee peke yake. Mpwa hakupenda, akakubali. Siku za kupiga zikawa Jumanne na Ijumaa, saa tatu mpaka saa tano usiku, na mzee anampigia jirani simu kabla na baada. Buku tuliwatega kwa mtego mkubwa wa sanduku, chambo muhogo.

Matokeo

Mwezi wa kwanza baada ya kuziba, nyayo kwenye majivu zilishuka kutoka vibati vyote kumi mpaka vinne. Waliobaki ndani walikuwa hawana pa kwenda wala cha kula zaidi ya pale kwenye viroba, mzee akawamaliza kwa usiku tano, panya kumi na tisa, risasi ishirini na tatu. Zile nne zilizokosa tulizikuta zote mchangani. Kila panya alipigwa kati ya jicho na sikio, akabaki palepale. Buku watatu waliingia kwenye mtego. Msimu uliofuata mpunga ulitoka bila salfeti hata moja iliyotobolewa, na yule mnunuzi aliyenusa akaondoka, alirudi.

Uchambuzi

Nikianza na kosa langu. Niliangalia jiwe nikaona unene, sikuona ugumu. Kinachosimamisha risasi salama ni kitu laini na kizito, mchanga, udongo, magunia yaliyojaa, kwa sababu kinaimeza. Kitu kigumu kama jiwe, saruji au chuma kinairudisha, na ikipiga kwa mshazari haibondeki, inateleza na kuendelea na sehemu kubwa ya nguvu yake kwenda upande usioujua. Mwanza tumezungukwa na mawe, ukipiga bunduki ya upepo hapa bila mchanga nyuma ya shabaha umepiga kwa jirani, ni suala la siku tu. Na kadri nguvu inavyozidi ndivyo kilichodunda kinavyofika mbali na uchungu wake. Jouli 43 zilivuka uzio na kuvunja bomba. Siwezi kuapa kwamba 16 zisingefika, ila zingefika zimechoka.

Kosa la pili ni kulikubali swali lilivyoulizwa. "Ipi ina nguvu zaidi" inajibiwa na matangazo, na matangazo yanauza mwendo. Utakuta sanduku limeandikwa futi 1,250 kwa sekunde, hiyo ni mita kama 380, inapita mwendo wa sauti ambao ni mita 343 kwenye nyuzi 20. Hizo namba mara nyingi zinapatikana kwa virisasi vyepesi mno, na kirisasi cha umbo lile la kiuno chembamba kikivuka mwendo wa sauti kinatoa mlio wa mjeledi na kinaanza kuyumba. Kwa hiyo unalipia kelele na kukosa. Kule England na Wales bunduki ya upepo isiyohitaji cheti maalumu inaishia jouli 16 hivi, na wakulima wa huko wanaua panya kwenye maghala yao miaka nenda rudi kwa hizohizo. Ujerumani zisizo na kibali zinaishia 7.5. Panya wa mita 12 hahitaji zaidi, anahitaji risasi ifike pale kichwani.

Na hoja ya buku ambayo ilitubeba wote? Buku walikuwa watatu. Tulinunua nguvu kwa ajili ya mnyama ambaye muhogo ulimtosha.

Kilichofanya kazi tangu mwanzo ni kibali. Usiku ule bomba lilipovunjika, kama ile bunduki ingekuwa imeletwa kimyakimya, mzee angebaki na uamuzi wa kudanganya saa nne usiku mbele ya mama wa watu. Alikuwa na karatasi, akasema kweli, na jirani akabaki jirani. Aina ya mtungi nayo naisimamia kwa mtu mwenye bega bovu, ingawa mwenye nguvu zake na bajeti ndogo springi ya .22 ingemtosha kabisa na asingehangaika na pampu. Kaliba .22 kwenye stoo naipendelea kuliko .177, kirisasi ni kizito, kinampiga panya kwa nguvu yake yote na hakina haraka ya kutokea upande wa pili. Mwingine atabisha, na kwa mita 12 tofauti sio kubwa.

Kitu ambacho hatukukifikiria mapema ni kwamba hizi risasi ni madini ya risasi kweli, sumu polepole, na hii ni stoo ya chakula. Sasa mzee anahesabu zinazotoka na zinazookotwa, mchanga wa viroba unachekechwa kila mwezi, na ananawa mikono kabla hajashika kitu. Panya waliokufa wanashikwa kwa glavu na kufukiwa, hawaachwi kwa mbwa wala kuku.

Kama ningeitwa leo kwenye stoo kama hii ningeanza na majivu na steeluulu, ningesubiri mwezi, halafu ndo ningeuliza kama bado kuna haja ya bunduki. Hapa ilikuwepo, kwa wale kumi na tisa wa mwisho ambao mtego waliujua na sumu isingewekwa tena.

Wiki iliyopita nilipita kusoma vibati. Nane safi, viwili vya upande wa banda la kuku vina nyayo, ndogo, labda panya wawili. Nikapiga magoti kwenye mlango wa banda, chini kuna pengo, kidole gumba kinaingia na kuzunguka. Seremala anakuja Alhamisi, na bunduki Ijumaa hii haitoki kabatini.